Duka Wanaponiacha Nigeuze Mkebe

Ngazi za kupanda hadi kwenye duka hili ni 31. Nilizihesabu siku ya kwanza, Januari 2025, nikiwa nimebeba mkebe wa dawa ya nywele ndani ya mfuko kama mtu anayepeleka ushahidi kortini. Ni pale Dubois, mtaa wa vipodozi hapa Nairobi, kwenye jengo ambalo chini wanauza nywele za kusukia na juu ni giza. Taa ya ngazi iliungua zamani. Ukifika ghorofa ya pili pita fundi wa simu, pita mshonaji wa sare za shule, mlango wa mwisho kushoto. Hakuna bango. Kuna karatasi tu imebandikwa mlangoni: GEUZA, SOMA, ULIZA. UKIBANDUA SILI UMENUNUA.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu Umoja, upande wa Mutindwa, huu mwaka wa kumi na mbili, na bidhaa nimezinunua karibu kila kona ya mji huu: River Road, Kamukunji, Eastleigh, hata kwa wale wanaotandaza Muthurwa jioni. Kwa hiyo nikisema duka ni zuri, sisemi kama mtu aliyenunua losheni moja akapewa peremende.

Lakini itabidi nianzie Desemba 2024, la sivyo sifa zangu hazitaeleweka.

Desemba kwa sisi wasusi ndiyo mavuno. Kila mtu anataka kufika ushago kichwa kimetulia. Wiki mbili kabla ya Krismasi nilipita duka moja la jumla mjini, duka kubwa lenye taa na foleni, jina lake nitaliacha huko huko. Mkebe ninaonunua kawaida kwa shilingi 1,150 walikuwa wanautoa kwa 780. Nikachukua sita. Nilirudi Umoja nikijiona mjanja.

Wa kwanza niliufungua Jumamosi, kitini ameketi mteja wangu wa miaka mingi, mwalimu wa shule ya msingi, mama asiyependa maneno mengi. Juu ya dawa kulikuwa na mafuta ya manjano yamesimama, kama supu iliyolala. Nilijua si kawaida. Nikajiambia ni joto la njiani. Nikachukua kijiti, nikakoroga mpaka ikashikana, nikaanza kupaka.

Kulia dawa haikushika kabisa, nywele zilikaa vile vile kama nimepaka uji. Kushoto, juu ya sikio, dakika ya nne, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hapa panawaka." Nilikuwa sijamaliza hata nusu ya kichwa. Nikamkimbiza sinki. Maji ya vuguvugu, mengi, kisha shampuu ya kuzima dawa, ile ambayo povu lake hugeuka waridi kama bado kuna kemikali kwenye nywele. Mara ya kwanza waridi. Mara ya pili waridi hafifu. Mara ya tatu nyeupe. Juu ya sikio palibaki kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Alifunga kitambaa, akaniambia asante, akaenda. Sikumtoza. Afadhali angenitukana.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Dawa ya kunyoosha nywele ni krimu: maji na mafuta yameshikanishwa kiwandani kwa mashine, na ndani yake kuna alkali kali, nyingi huwa na sodiamu haidroksaidi. Krimu ikizeeka, au ikichemkia juani, hutengana. Mafuta hupanda, alkali hubaki na maji chini. Ukikoroga kwa kijiti huirudishi ilivyokuwa. Unapata mabaka, hapa kali, pale hamna kitu. Tena mkebe usiofunga vizuri huingiza hewa, na kaboni dayoksaidi ya hewa hiyo huila alkali taratibu. Ndiyo maana kichwa kimoja kiliweza kuwa na nywele zilizokataa na ngozi iliyoungua, vyote kwa pamoja.

Usiku ule nilikaa kitandani, mkebe mapajani. Chini yake palikuwa na stika nyeupe, ndogo kama ukucha wa kidole gumba: EXP 03/2026, yaani mwisho wa matumizi. Nikaikwangua. Ilitoka kirahisi mno, gundi yake ilikuwa bado laini, wakati mkebe wenyewe ulikuwa na vumbi lililogandia mpaka kwenye mistari ya kifuniko. Chini ya stika kulikuwa na wino wa kiwanda, zile nukta nukta nyeusi za mashine. Mtu alikuwa amezipangusa, nadhani kwa dawa ya kutoa rangi ya kucha, kwa maana plastiki mahali pale ilikuwa imefifia. Kwa macho ya kawaida ulikuwa ukungu tu. Nikamulika tochi ya simu kwa ubavuni, si moja kwa moja, na maandishi yakainuka: 03/2023.

Nikaamka nikaileta ile mitano. Yote hivyo hivyo.

Jumatatu nikarudi dukani nayo. Kijana wa kaunta akatazama, akasema, "Madam, hiyo ni joto tu. Koroga." Nikamwonyesha stika. Akasema wao huuza vile mzigo umekuja. Nikatoa risiti, chini yake ilikuwa imepigwa muhuri kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna kwamba ninachelewesha foleni. Wasusi wenzangu, hao! Nikaondoka na mikebe yangu.

Aliyenielekeza Dubois ni rafiki yangu anayesuka Kenyatta Market. Aliniambia, "Kuna mama pale juu hakuuzii kitu mpaka ukisome." Nikadhani ni mzaha.

Mwenye duka ni mama wa Mombasa, mtu mzima, dera na leso mabegani, amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Nilipiga hodi nikiwa bado nahema.

"Karibu mwanangu. Wewe waja kununua ama waja kulia?"

"Yote mawili, mama."

Akaucheka uso wangu, akaniwekea stuli. Nilimpa mkebe. Hakuufungua. Alivaa miwani, akaugeuza taratibu, juu, chini, ubavuni, kama mtu anayechagua nazi. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyarudia saluni hadi wasichana wangu wananiiga sauti: "Stika si dhambi. Dhambi ni stika ilokaa juu ya maandishi."

Ni kweli, na ni jambo ambalo wengi tunakosea. Bidhaa zinazotoka nje hubandikwa stika hapa, ikiwemo ile ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa za kuagizwa, na mwagizaji naye anaweza kubandika yake yenye jina na anwani. Hizo ukizikuta zimekaa mahali patupu pa lebo, hakuna neno. Ukikuta stika imelalia tarehe, namba ya bechi (ya mzigo uliotengenezwa pamoja kiwandani) au viungo, rudisha mkebe kwenye rafu, na ukiweza rudi nyumbani.

Mafunzo yale yalichukua karibu saa nzima na sikuwa nimenunua hata kitana. Nitaeleza yale yaliyonishika zaidi, kwa sababu ndiyo yanayofanya duka hili liwe tofauti na mengine.

Kuna kipicha nyuma ya chupa nyingi: kimkebe kidogo, kifuniko kimeinuliwa, ndani au kando yake pameandikwa 6M, 12M au 24M. Miaka kumi na mbili nimekiona. Nilidhani ni maelezo ya kutupa taka. Kumbe ndiyo hesabu yenyewe: M ni miezi, na inaanza siku unayofungua, si siku uliyonunua. Tarehe ya EXP ni ya mkebe ambao sili yake haijaguswa. Ukishabandua, saa nyingine imeanza kugonga, na hiyo saa kiwanda hakiwezi kukuandikia kwa sababu hakijui ni lini ulifungua. Kwa hiyo mkebe unaweza kuwa na EXP ya mwaka ujao na bado umekufia kwenye rafu yako tangu mwezi wa sita.

Hapo ndipo mama alipovuta kalamu nyeusi ya maka, akaiweka mbele yangu. "Ukifungua, andika. Siku hiyo hiyo. Usiseme utakumbuka." Kila mteja anayenunua mkebe wa saluni huambiwa hivyo, na ukikubali anakuchorea mstari chini ya mkebe ili uje ujaze tarehe mwenyewe.

La pili ni zile bidhaa zisizo na EXP kabisa. Nilikuwa nazikimbia nikidhani ni bandia. Akanieleza kwamba Ulaya, bidhaa inayoweza kukaa zaidi ya miezi 30 bila kufunguliwa hailazimiki kuandikwa tarehe ya mwisho. Inatosha kuwekwa kile kimkebe. Ikiwa ni ya miezi 30 kushuka chini ndiyo lazima tarehe ionekane. Na Marekani, zinakotoka dawa nyingi na jeli nyingi tunazozipenda, sheria haiwalazimishi kabisa kuandika tarehe ya mwisho kwenye vipodozi. Mafuta ya kukinga jua ni habari nyingine, kule huhesabiwa kama dawa. Nikamuuliza, sasa hizo zisizo na tarehe tutazijuaje? Akaniambia soma namba ya bechi. Viwanda vingine huficha tarehe humo: tarakimu mbili za mwaka, kisha siku ya ngapi ya mwaka. Alinipa mfano wa mkebe wa jeli, 22145. Mwaka 2022, siku ya 145. Tukahesabu kwa vidole na kalenda ya ukutani, tukaangukia Mei 25. Si kila kiwanda hufanya hivyo, kwa hiyo usimtolee mtu macho dukani kwa hesabu ya kubahatisha. Lakini linganisha namba ya boksi na namba ya chupa iliyo ndani. Zikigombana, mtu amehamisha chupa.

Nilimtajia pia ile namba ya KEBS, 20023, ambayo ukiitumia SMS ya SM# na namba ya kibali cha bidhaa wanakujibu. Akasema ni nzuri na yeye huitumia mzigo ukiingia. "Lakini yakwambia kiwanda chajulikana. Haikwambii mkebe huu umelala juani wapi." Sikuwa nimewahi kuifikiria hivyo.

Sasa niseme duka lenyewe likoje, maana nimeshaenda mara tisa.

Chumba ni kidogo, watu wanne mkiwa ndani wa tano anasubiri kwenye korido. Dirisha limezibwa kwa pazia zito na feni inazunguka, na mwanzoni nilifikiri ni mambo ya sitara tu, kumbe pazia ni kwa ajili ya bidhaa. Hakuna kitu kwenye mwanga. Nikakumbuka yale maduka ya barabarani yanayopanga chupa za mafuta kwenye kioo cha mbele, jua la saa nane linazipiga, mafuta ya nazi yanayeyuka mchana na kuganda usiku, siku baada ya siku, na tarehe kwenye lebo inabaki ile ile.

Kwenye kila katoni anafungua moja ya kuonyesha. Unanusa, unatia kijiti, unaangalia kama imetengana. Zile nyingine zinabaki na sili. Mzigo wa zamani uko mbele, mpya nyuma, na kijana wake akikosea kupanga anapigiwa kelele mbele ya wateja, jambo ambalo silipendi lakini linafanya kazi.

Pale mlangoni kuna kikapu cha ukili. Humo ndimo anatia vitu vilivyobakiza miezi miwili au mitatu, nusu bei, na amevifunga kikaratasi chenye mwezi wa mwisho. Losheni, shampuu, mafuta ya kupaka. Saluni yenye wateja inamaliza shampuu ya lita tano kabla ya mwezi kuisha, kwa hiyo mimi hununua humo bila aibu. Vitu vitatu sijavikuta kikapuni hata siku moja: dawa ya kunyoosha, devlopa (ile inayochanganywa na rangi ya nywele ili ishike) na mafuta ya kukinga jua. Nilimwona akimkatalia mwanamume aliyetaka hayo mafuta kwa bei ya chini. Yalikuwa ya mtoto wake mwenye ualbino. Akamuuzia mapya, akampunguzia mia mbili, akamwambia haya hayafanyiwi mchezo.

Halafu kuna pua yake. Siku moja nilimkuta amefungua gunia dogo la hina. Akanimiminia kiganjani kutoka pakiti mbili. Moja ilikuwa kijani, harufu yake kama majani yaliyokatwa leo. Nyingine imeelekea rangi ya kahawia, inanuka vumbi. "Hii ya pili ni bibi kizee," akasema, "utaikanda mpaka kesho, rangi haitoki." Zote mbili zilikuwa na mwaka mmoja mbele kwenye tarehe. Ile ya kahawia aliirudishia pikipiki iliyoileta. Mafuta ya shea yaliyochacha alinifundisha kuyajua hivyo hivyo: yananuka kama kalamu za nta za watoto, au rangi ya mafuta ya mlango. Mafuta hayaoti ukungu ukayaona. Yanageuka harufu tu, na sisi tunaendelea kuyapaka kwa kuwa yametiwa manukato.

Baada ya ziara ya pili ndipo nilipojikagua mwenyewe, na hapa sina pa kujificha. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo saluni hulala. Nikatandaza leso sakafuni, nikashusha kila kitu kutoka kwenye rafu.

Devlopa ya namba 20, chupa imevimba tumbo. Nilipolegeza kifuniko ilitoa sauti ya soda. Ile ni haidrojeni peroksaidi asilimia 6, na kazi yake ikikaa vibaya ni kugeuka maji na oksijeni. Oksijeni inasukuma chupa, wewe unabaki kupaka maji na kushangaa kwa nini mvi hazishiki rangi. Mkebe wa tritimenti ya nywele, ule mkubwa, una madoa meusi kwenye ukingo wa ndani. Huo ni ukungu, na najua ulikotoka: msichana wangu alikuwa anachota kwa vidole vyenye maji. Maskara ya maharusi, imekaa miaka miwili. Maskara hukaa miezi mitatu hadi sita, basi, na inaguswa jichoni! Bakuli la rangi iliyochanganywa wiki iliyopita, limefunikwa karatasi ya aluminiamu "isiharibike". Rangi ikishakutana na devlopa kazi imeanza, haikungoji. Ile ilikuwa imekauka nyeusi ti kama lami. Na seti moja ya dawa ya pakiti mbili, krimu na maji yake, zimechanganywa na nusu ikawekwa akiba. Kwenye boksi pameandikwa wazi itumike ndani ya saa 24. Boksi tulikuwa tumelitupa.

Nilipiga hesabu ya vilivyokwenda kwenye pipa: shilingi 7,400. Vyote nilivinunua kwenye maduka tofauti, vingi vikiwa vizuri kabisa siku nilipovinunua. Yule kijana wa "koroga" hakuwepo. Nilikuwa mimi, na rafu niliyoipigilia mwenyewe pale jua la jioni linapoingilia.

Rafu sasa iko chini ya kaunta. Kila mkebe una tarehe ya maka, na kijiko chake kikavu kimening'inia. Jambo jingine: kuna vijana hupita mtaani kununua mikebe mitupu ya saluni. Wengi wanapeleka kwa watu wa kuhifadhi maharagwe na unga. Ila mkebe wenye nembo kamili na kifuniko chake ni nguo ya dawa bandia kuvaa, kwa hiyo mimi siutoi tena bila kuutoboa na kukwangua lebo.

Turudi dukani, maana sikusema hakuna kasoro. Bei ziko juu. Ule mkebe wa 1,150 kwake ni 1,220, na habishani. Ukianza kushusha anakuonyesha kikapu. Vitu vya kucha hana kabisa, utalazimika kushuka tena mtaani. Kijana wake hajibu salamu mpaka mara ya pili. Hawapokei kadi, ni M-Pesa au pesa taslimu. Wakikutumia mzigo kwa pikipiki nauli ni juu yako, na mara moja chupa ilifika Umoja imemwagika nusu; walinilipia baada ya kutuma picha nne na kupiga simu mara tatu, ambazo ni picha tatu na simu mbili zaidi ya ilivyostahili. Na zile ngazi. Mama mjamzito au mtu wa magoti asipande peke yake.

Lakini kurudisha bidhaa wanajua. Kwenye risiti yake anaandika kwa mkono tarakimu nne za mwisho za bechi. Machi nilirudi na chupa mbili za devlopa zilizovimba, sijazifungua. Alilinganisha namba na kitabu chake, akatoa katoni nzima rafuni kabla hajanipa zangu mpya. Hakuniuliza kama nilikoroga.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka taa ya ngazi iwake.

Mwalimu wangu alirudi Aprili. Mwenyewe sikutegemea. Nywele juu ya sikio zilikuwa zimeota, fupi, kama nyasi baada ya mvua. Akakaa kwenye kiti kile kile na kabla sijamfunga taulo akanyoosha mkono. Nilielewa. Nikampa mkebe. Aliugeuza, akasoma EXP, akapitisha kidole juu yake kuona kama kuna stika, akasoma maandishi yangu ya maka ya juzi, akanusa. Alichukua muda wake wote, wateja wawili wakimtazama kwenye kioo.

"Anza na kulia," akaniambia.

Kama utaenda Dubois, nenda asubuhi kuanzia saa tatu, kabla wa jumla hawajajaa. Ijumaa wanafunga saa sita hadi saa nane kwa swala. Mimi nilipanda zile ngazi bure siku moja, kosa langu. Beba mfuko na miwani kama unaitumia, maandishi ya kiwanda ni madogo. Na kalamu ya pale iache pale. Ya kwanza niliondoka nayo mimi Januari, ndani ya mfuko na ule mkebe, na ndipo hii ya sasa ilipofungwa kamba kwenye mguu wa meza.